Lipu Nyeupe Juu ya Udongo

Zahor bin Amur alikuwa ameichoka nyumba ile, lakini hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu nyumba ile ndiyo iliyompa jina. Mgeni akiingia mji wa Ibra, Oman, akauliza ile nyumba nyeupe kule Minzafah ni ya nani, hujibiwa: ya Zahor, Mungu amlipe kheri. Minzafah ni mtaa wa kale wa matajiri waliokuwa wakienda na kurudi Unguja. Majumba yao mengi yamebaki kuta tupu za udongo. Milango imeng'olewa, na ngazi zinapanda juu bila ghorofa ya kupokea mguu. Ya Zahor peke yake ilikuwa imesimama nzima, imepigwa lipu na kupakwa rangi nyeupe, na mlango wake ukifungwa na kufunguliwa kila siku.

Wala haikuwa yake. Aliijenga babu yake kwa faida ya karafuu, na warithi sasa wamefika zaidi ya sitini, wengine Maskati, wengine Sur, wengine Dubai. Katika sitini hao anayefagia ni mmoja. Zahor alistaafu ukarani akiwa na miaka sitini, na sasa ana sitini na saba. Kila baada ya sala ya alasiri huchukua ufagio na chupa ya maji akaenda kupambana na vumbi, njiwa na kinyesi cha popo. Magoti yalikuwa yakimuuma tangu ngazi ya tatu. Akifika juu hukaa kizingitini kwanza, akahema, ndipo akaanza.

Chumba kilichokuwa na thamani kuliko vyote ni sabla, yaani ukumbi wa wanaume wa ukoo. Humo watu walipokea wageni, wakapatanisha waliogombana, wakakaa matanga. Dari yake imebebwa na boriti zilizoletwa kutoka Afrika, na juu ya boriti zimepangwa mbao zilizochorwa maua mekundu na meusi. Katikati yake pameandikwa aya, jina la babu na mwaka wa hijria. Rangi ya dari haijaguswa tangu siku ya kwanza. Kuta ndizo zilizoguswa, na aliyezigusa ni Zahor.

Habari ya kuta ilianzia mbali. Zahor alizaliwa Unguja mjini, Malindi, katika nyumba ya mawe iliyopakwa chokaa. Jioni baba yake alikuwa akikaa barazani akiwaambia watoto, "Hii si kitu. Nyumba yetu ya Ibra ni kasri." Walipokuja Oman mwaka elfu moja mia tisa sabini na mbili, Zahor ana miaka kumi na tano, aliikuta kasri hiyo ni ya udongo na mbuzi wanalala jikoni. Darasani wenzake walikicheka Kiarabu chake. Akirudi nyumbani aliyaona majani makavu ya ngano yamechomoza ukutani kama nywele za mgonjwa, na akajihisi kadanganywa mara mbili: kanyang'anywa nyumba nyeupe, kapewa tope.

Alipofika makamo, mshahara umetulia na watoto wamekua, akaamua kuitengeneza. Alimwita Marzouq, mwashi mzee wa Nizwa aliyekuwa akikarabati ngome na misikiti ya zamani. Marzouq aliupapasa ukuta, akasema, "Hii inataka udongo na majani, kama ilivyokuwa. Nipe mwezi mmoja."

"Nataka lipu ya simenti," Zahor akamwambia. "Iwe nyeupe, kama nyumba za Unguja."

"Nyumba za Unguja ni za mawe."

"Na hii je?"

"Hii ni tope la bonde la wadi lililokaushwa kwa jua. Maji huingia, na maji hutoka. Ukiufunga mdomo kwa simenti, yatakayoingia hayatatoka." Kisha akakusanya vifaa vyake. "Tafuta mwingine."

Zahor alitafuta mwingine. Lipu ikapigwa nje na ndani, unene wa vidole vitatu, ikapakwa rangi. Siku ya kuifungua, wazee waliozaliwa Unguja walikuja kutoka pande zote, na mmoja akalia pale mlangoni akisema, "Utadhani Malindi, wallahi, utadhani Malindi." Siku hiyo Zahor akawa mtu. Na sifa ni kama tende: ya kwanza tamu, ya pili tamu, mwisho mtu hali kwa njaa tena, anakula kwa kuwa mkono umeshazoea.

Miaka ishirini na mitano nyumba ilivumilia.

Majira ya baridi yaliyopita kijana anayeitwa Tamim, mwongoza watalii, alimletea mume na mke wa makamo kutoka mji mdogo wa kisiwa cha Sisilia. Mwanamke alimwonyesha Zahor picha katika simu yake: majumba ya mabwana wa zamani yenye vibaraza vya chuma, kanisa lenye mtini ulioota juu ya paa, jumba la michezo ambalo viti vyake vimefunikwa kwa turubai tangu alipokuwa msichana. Zahor alizitazama kwa heshima, akafikiri moyoni kwamba kumbe hata huko kuna watu wanaofagia. Mume hakutazama picha. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa magharibi wa sabla, akiugonga kwa kiungo cha kidole, hapa na pale, kama daktari agongavyo kifua.

"Anasema nini?" Zahor akauliza.

Tamim akaona tabu kidogo. "Anasema baba yake alikuwa mwashi. Kwao nao walipaka simenti juu ya kuta za zamani, makanisa na majumba, ili yaonekane mapya. Baada ya muda ukuta ukaoza ndani kwa ndani. Anauliza ukuta huu umeugonga lini."

"Mwambie wao ni wao, na sisi ni sisi."

Tamim alitafsiri kitu kirefu zaidi na cha adabu zaidi. Yule mume akaitikia kwa kichwa, akamshika Zahor mkono kwa mikono yake miwili, wakaenda zao.

Zahor hakuugonga ukuta siku hiyo, wala wiki hiyo. Mtu anayejua jawabu hana haraka ya kuuliza.

Aprili mvua kubwa ilinyesha siku tatu, wadi, ile mito ya mvua, zikafurika, barabara zikakatika. Zilipokauka, Zahor alipanda na ufagio wake akakuta kipande cha lipu, ukubwa wa sinia, kimedondoka karibu na dari ya sabla upande wa magharibi. Nyuma yake udongo ulikuwa laini kama uji. Alipoingiza mkono akaishika ncha ya boriti, ikamegeka vidoleni kama biskuti iliyochovywa chai. Akaijaribu ya pili, ikawa vilevile. Ya tatu hakuigusa.

Kisha akafanya jambo ambalo baadaye hakuweza kulieleza vizuri hata kwa mkewe: alikwenda dukani, akanunua mfuko wa simenti, akaziba lile tundu, akalipaka rangi. Na juu yake akatundika zulia la ukutani.

Wiki tatu baadaye dada yake mkubwa, Shukriya, akapiga simu kutoka Maskati. Shukriya ana miaka sabini na minne, mjane, macho yanafifia kwa sukari. Ndiye aliyemlea Zahor katika safari ya kuja Oman, na mpaka leo humsemesha kama mtoto aliyesahau viatu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Usikilize, maana sirudii. Bader kapata mchumba." Bader ni kitinda mimba wake. "Milka, ndoa yenyewe, inafungwa wiki ya mwisho ya mwezi ujao, na nataka ifungwe katika sabla ya babu."

"Sabla? Lakini dada, kumbi nzuri zimejaa Maskati."

"Kumbi zimejaa, babu hana zaidi ya mmoja. Kaka zake wote wameozwa hotelini, nikakaa kimya. Huyu nataka aozwe chini ya jina la babu yake, na mimi nilione jina hilo kabla macho hayajazima. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi sema inshallah."

Akasema inshallah. Hapo ndipo alipokosa tena, na kosa hili lilikuwa kubwa kuliko lile la lipu ya simenti, kwa sababu lile lilikuwa la ujinga.

Bader alifika Ijumaa na gari kubwa na futi ya kupimia. Ni kijana mwema, mfanyakazi wa benki, na Kiswahili chake ni cha kurithi, kilichopunguka njiani.

"Shikamoo mjomba. Mashallah, hii dari kizuri sana. Watu atapiga picha mpaka wachoka."

"Wageni wangapi?"

"Wanaume tu, mia na hamsini. Wengine atakaa nje, yaani kwa uwanja. Hapa ndani, themanini."

"Joto litawaua."

"Nitaleta AC ya kukodi, mjomba. Kubwa, mbili."

"Choo kibovu."

"Vyoo pia iko ya kukodi." Bader akacheka. "Mjomba, wewe unanitafutia sababu kama baba wa bibi harusi." Akainua macho juu. "Na hapa, katika hii mbao, tutafunga taa. Nzito kidogo. Mbao itabeba?"

Alikuwa anaionyesha boriti ya pili kutoka magharibi.

Zahor alisogea akasimama mbele ya zulia. "Usifunge kitu kwenye dari," akasema. "Rangi itaharibika."

"Khalas. Taa tunaweka chini."

Alipoondoka, Zahor alijaribu njia nyingine. Alimpigia dada yake akamwomba milka ifungwe uwanjani, penye hewa. Shukriya akamuuliza kama jina la babu limeandikwa uwanjani. Akajibu hapana. Basi, akasema Shukriya, na simu ikakatika.

Mkewe Mahbouba ni mtu wa Sur, binti wa wafanyabiashara wa baharini, na Kiswahili alijifunza ukweni. Hakupata kuipenda nyumba nyeupe, wala hakupata kuisema vibaya. Siku ya Jumatano alirudi kutoka soko la wanawake na vikapu vyake, akamkuta mumewe anapakia nyuma ya gari vigogo viwili vya mtende na jeki ya lori.

"Unakwenda kujenga zizi?"

"Nakwenda kuegemeza kitu."

"Kitu gani?"

Zahor aliendelea kufunga kamba. "Boriti. Nitaweka vigogo viwili upande wa magharibi, nivifunike kwa pazia. Hakuna atakayeona."

Mahbouba aliviweka vikapu chini. "Boriti imefanya nini?"

Akamweleza. Alieleza akiwa anatazama kamba, na alipofika kwenye zulia la ukutani sauti ikamshuka.

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," akasema Mahbouba. "Wewe ufa umeuziba, na ukuta utaujenga vilevile. Umepata wapi akili hii?"

"Ni siku moja tu, Mahbouba. Saa mbili. Watakula halua, watakunywa kahawa, wataondoka. Baadaye nitapafunga, nitatengeneza taratibu."

"Na isipongoja saa mbili?"

"Vigogo vitashika."

"Basi nitakuuliza moja, halafu nitaingia ndani kupika. Siku hiyo wewe utakaa wapi?"

Zahor alikaza fundo la kamba.

"Utakaa upande wa magharibi, chini ya vigogo vyako? Au utakuwa mlangoni ukipokea wageni?"

Alikuwa ameshapanga kukaa mlangoni. Alikuwa amejiambia kuwa ndiyo heshima, mwenyeji kusimama mlangoni. Sasa aliposikia likisemwa kwa sauti akaona aibu iliyomfanya ashike ukingo wa gari. Mahbouba alichukua vikapu vyake akaingia ndani bila kuongeza neno. Wengi husema mke mwema ni anayesitiri. Yapo yasiyositirika, na mke mwema huyajua.

Zahor aliteremsha vigogo. Kisha akapiga simu Maskati. "Dada, njoo Ibra. Kuna kitu nataka ukione mwenyewe, si kwa simu."

Shukriya alikuja Alhamisi, Bader akiendesha. Walimpandisha ngazi taratibu, Bader nyuma, Zahor mbele, naye akilalamika kila hatua kwamba babu alikuwa na miguu ya mbuzi. Wakamwekea kiti kizingitini mwa sabla. Alitaka kusogea katikati ili alione jina, Zahor akamzuia kwa mkono.

"Usiingie, dada."

"Mbona hivyo?"

Zahor aliondoa zulia. Alikuwa ameandaa maneno tangu asubuhi, lakini yalimpotea yote, akachukua tindo na nyundo, akapiga kiraka alichokiweka mwenyewe. Mara tatu tu. Kikadondoka, na nyuma yake udongo ukateremka polepole, mweusi, wenye harufu ya kisima. Akachota kidogo kwa kiganja, pamoja na kipande cha boriti, akampelekea dada yake. Macho ya Shukriya hayakuona vizuri, ila vidole vilijua. Alikisaga kile kipande kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka kikawa unga.

"Hii ni boriti?"

"Ndiyo boriti. Simenti yangu ndiyo iliyoozesha. Marzouq alinikataza, nikamwona mshamba."

"Umejua lini?"

"Mvua za Aprili."

"Na mimi nilikupigia lini?"

"Baada ya mvua."

Bader alikuwa ametazama dari, kisha sakafu pale ambapo wageni themanini wangekaa, na akarudi nyuma hatua moja bila kujua.

Shukriya alijipangusa vidole kwa ncha ya mtandio. Alipozungumza hakupandisha sauti. "Simenti nakusamehe. Sote tulikuja hapa tukilia kwa ajili ya nyumba nyeupe. Mimi mwenyewe nilikusifu. Lakini hili la kuniambia inshallah, Zahor. Ungetuua kwa kuona haya."

"Ndiyo, dada."

"Ungemuua mwanangu siku ya furaha yake, ili watu wasiseme Zahor kakosea."

"Ndiyo."

"Mama, basi," akasema Bader kwa upole. "Mjomba amesema. Tutakodi ukumbi."

"Ukumbi utakodi. Lakini kadi zimeshakwenda, watu mia na hamsini wanajua ni hapa." Akamgeukia ndugu yake. "Wewe utawapigia wote, mmoja mmoja. Usitume ujumbe. Na usiwaambie joto, wala choo. Waambie sababu."

Hakuomba kuona jina la babu. Walimteremsha kama walivyompandisha, safari hii bila malalamiko, na ukimya wake ulimchosha Zahor kuliko ngazi.

Kesho yake, baada ya chai, alikaa sebuleni na orodha ya Bader akaanza. Alidhani wa kwanza ndiye atakayekuwa mgumu. Kumbe ugumu haukupungua. Kila simu ilianza na salamu ndefu, watoto hawajambo, afya vipi, mvua je, na kila mara ilibidi ageuze mazungumzo kwa mkono wake mwenyewe: milka haitakuwa kwenye sabla, dari ni mbovu, nimeiharibu mimi. Wengine walimliwaza kwa haraka iliyouma. Binamu mmoja wa Dubai alicheka akasema, "Yakhe, si ndiyo nyumba uliyotutambia nayo robo karne?" Zahor akasema ndiyo hiyo. Mzee mmoja wa Al Kamil hakusikia vizuri, akampa pole ya msiba, ikabidi aelezwe upya mara tatu kwa sauti ya kupaza, na jirani akasikia yote kupitia dirishani.

Alipumzika kwa sala akaendelea. Alipofika jina la sitini na kitu, sauti imekwaruza, akampata Himid wa mji wa Samad Ash Shan, binamu yake wa upande wa mama, mkulima wa tende, mtu wa maneno machache. Himid alisikiliza mpaka mwisho.

"Simenti," akasema.

"Simenti."

"Mimi nilikuja kwako siku ile ya kufungua. Nilipima unene wa lipu yako kwa vidole. Unakumbuka?"

Zahor hakukumbuka. Watu walikuwa wengi siku ile, na yeye alikuwa akisikiliza sifa.

"Nikarudi Samad nikaipiga lipu sabla ya wazee wangu vilevile," Himid akasema. "Vidole vitatu, ndani na nje. Uliniambia itadumu miaka mia."

"Watu huingia humo?"

"Kila Ijumaa. Leo wametoka kula sasa hivi."

Zahor akafumba macho. "Himid, usiwaingize tena. Gonga ukuta penye ncha za boriti. Ukilia kama mtungi mtupu..."

"Siwezi kwenda kuwaambia wazee wa Samad kwamba sabla yao imeoza kwa sababu mimi niliona kitu Ibra nikakiiga." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayepanga kazi. "Njoo uwaambie wewe. Uje na tindo."

"Lini?"

"Kesho, kabla ya jua kuwa kali."

Zahor alisema atakwenda, na safari hii alipotamka inshallah aliisikia neno kwa neno. Akaiweka simu juu ya orodha. Majina themanini na zaidi yalikuwa bado. Nao waliokuja siku ile ya kufungua na kupima kwa vidole, nani angeijua idadi yao?

Mahbouba alitokeza na sahani ya wali na samaki.

"Umemaliza?"

"Bado. Na kesho nakwenda Samad."

"Kufanya nini?"

"Kusema haya haya, kwa watu wengine."

Alimtazama, akaona jinsi mabega yalivyoanguka na macho yalivyokuwa mekundu, lakini hakumwambia apumzike. Aliiweka sahani mbele yake, akaisogeza simu pembeni.

"Kula kwanza," akasema. "Halafu malizia hao wa leo."